Mazoezi Yasiyokatika: Somo kwa Wakimbiaji Vijana na Wazazi Wao



Katika sehemu zetu hizi za milimani, kuanzia Iten hadi Kaptagat na kuteremka mpaka Kapsabet, mwezi wa Januari barabara za murram hujaa vijana wanaokimbia. Saa kumi na mbili asubuhi unawakuta makundi kwa makundi, wengine na raba za mitumba, wengine miguu mitupu. Ukipita barabara ile ile mwezi wa Aprili, nusu yao hawapo. Tukiwauliza wako wapi, tunajibiwa maneno yanayofanana: mguu uliuma, mvua ilianza, baba alisema niache, nilichoka, nikaona sifiki mahali.

Sisi tunaofanya kazi na vikundi vya vijana tumeona ya kwamba wengi wa hawa hawakukosa nguvu wala kipaji. Kilichowashinda ni kwamba mazoezi yao yalikatika. Walianza kwa moto mkali, na moto ukazima kabla maji hayajachemka. Kijana akiacha kwa namna hii habaki vile alivyokuwa. Wengine wamekwisha kuacha shule kwa ajili ya mbio, sasa hawana mbio wala shule. Wengine wanabaki na mguu mbovu, na wengine wanajiona kuwa watu wa kushindwa wakiwa bado na miaka 16. Ndiyo maana tumeona tulete somo hili.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza somo hili, kikundi kiweze:
(a) kueleza kwa nini mazoezi madogo ya kila wiki yanashinda mazoezi makali ya muda mfupi;
(b) kupanga ratiba ambayo kijana anaweza kuifuata bila kuumia na bila kuharibu masomo;
(c) kueleza kazi ya mzazi na ya jamii katika jambo hili.

Neno moja tungependa kila mtu alishike tangu mwanzo. Kijana anapomaliza mazoezi, asijiulize, "Je, leo nimechoka vya kutosha?" Ajiulize, "Je, kesho nitaweza kurudi?"

1. HESABU YA VIJANA WAWILI

Hebu tuchukue mfano. Vijana wawili wa umri mmoja wanaanza mazoezi siku moja. Wa kwanza ameamua kufanya kama mabingwa. Anakimbia siku 6 kwa wiki, kila siku dakika 75, tena kwa kasi. Kwa wiki 3 anapata dakika 1,350, na kijiji kizima kinamsifu. Wiki ya 4 mfupa wa mbele wa mguu unaanza kuuma, anakaa nyumbani wiki 6. Akirudi anaweza kukimbia siku 4 tu kwa wiki, dakika 30 kila siku, kwa wiki 3 zilizobaki. Hizo ni dakika 360. Jumla yake kwa wiki 12 ni dakika 1,710.

Wa pili anakimbia siku 4 kwa wiki, kila siku dakika 40, polepole mara nyingi. Hakuna anayemsifu. Lakini kwa wiki 12 hakukatika hata moja. Jumla yake ni dakika 1,920.

Mmeona? Yule wa polepole amekimbia zaidi. Na si dakika tu. Mwili wake umezoea, hana maumivu, na wiki ya 13 ataendelea kutoka pale alipofika. Yule wa kwanza anaanza upya akiwa na hofu ya mguu. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo.

2. MWILI WA KIJANA UNAVYOJENGWA

Kuna sababu ya mwili inayofanya kijana wa kwanza aumie. Mtu akianza kukimbia, moyo na mapafu hupata nguvu upesi, katika wiki chache tu. Anajisikia mwepesi, anaona mlima umekuwa mfupi. Lakini mifupa, pamoja na zile kano zinazofunga misuli kwenye mfupa, hujengeka polepole kwa miezi mingi. Basi pumzi inasema "twende" wakati mfupa bado unasema "ngoja". Kijana husikia pumzi peke yake.

Tena kijana wa miaka 13 hadi 17 bado anakua. Ncha za mifupa yake hazijakomaa, na wakati anaporefuka haraka, misuli huvuta sana mahali inaposhikana na goti na kisigino. Maumivu mengi ya goti na kisigino tunayoyaona kwa vijana wa umri huu yanatoka hapo.

Jambo lingine ni kwamba nguvu haiongezeki wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia mwili unachoshwa. Unajijenga baadaye, mtu akiwa amekula na amelala. Kwa hiyo siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi, si uvivu. Mzazi akimwona kijana amepumzika siku ya Alhamisi, asimwambie ameanza kulegea.

3. WALIOTUTANGULIA

Watu husema mabingwa wetu walizaliwa hivyo. Tukiangalia maisha yao vizuri tunaona miaka mingi ya kurudia jambo moja.

Eliud Kipchoge alikuwa kijana wa Kapsisiywa, Nandi, akipeleka maziwa sokoni kwa baiskeli. Alimwendea Patrick Sang, jirani aliyekuwa ameshinda medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka wa 1992, akamwomba programu ya mazoezi. Sang alimpa ya wiki mbili. Wiki mbili zilipokwisha, kijana alirudi kuomba nyingine. Akarudi tena, na tena. Sang hakuona kwanza kasi yake. Aliona kwamba anarudi. Mwaka wa 2003 Kipchoge, akiwa na miaka 18, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Hata hivyo medali ya dhahabu ya Olimpiki hakuipata mpaka Rio mwaka wa 2016. Na mwaka wa 2012 alikuwa amekosa kabisa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Angekuwa mtu wa kukatika, angekatika hapo. Mwaka uliofuata akaanza marathoni, akiwa amekimbia miaka zaidi ya kumi.

Tuangalie pia Iten. Bruda Colm O'Connell wa Ireland alifika Shule ya Upili ya St. Patrick's mwaka wa 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa na cheti cha ukocha, alijifunza kwa kuwaangalia vijana. Katika shule hiyo walipita Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka wa 1987, na Peter Rono aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Mwaka wa 1989 Bruda alianza kambi za likizo kwa vijana, hasa wasichana. Waliotembelea kambi hizo wakitarajia kuona siri kali walishangaa. Waliona vijana wakikimbia polepole kwa kundi, wakifanya mazoezi ya kunyoosha viungo, ya kuinua magoti na kuweka mwili wima. Mazoezi yale yale, siku baada ya siku.

David Rudisha aliingia mikononi mwa Bruda mwaka wa 2004. Mwaka wa 2009 alishindwa kufika fainali ya mita 800 katika mashindano ya dunia ya Berlin. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alikimbia kwa dakika 1 sekunde 40.91 na kuweka rekodi ya dunia. Kutoka 2004 hadi 2012 ni miaka 8.

Kuna kijana atakayeuliza, "Na Kelvin Kiptum je? Si alikuja mara moja tu?" Ni kweli, alipokimbia Chicago mwezi wa Oktoba 2023 kwa saa 2 sekunde 35 na kuweka rekodi ya dunia, alikuwa na miaka 23 tu. Lakini Kiptum, ambaye tulimpoteza katika ajali ya barabarani Februari 2024, alikuwa amekimbia nusu marathoni tangu ujana wake, miaka mingi kabla ulimwengu haujajua jina lake. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Valencia, Desemba 2022. Sisi tuliona tunda tu, mti ulipandwa zamani.

4. NAMNA YA KUANZA

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Kijana mwenye nia afuate hatua hizi.

Kwanza, chagua wakati mmoja na uufunge kwa jambo unalofanya kila siku. Usiseme "nitakimbia nikipata nafasi", kwa sababu nafasi haipatikani. Sema, "Nikishapeleka maziwa barabarani, nakimbia." Au, "Nikitoka shule na kuvua yunifomu, nakimbia kabla ya kuketi." Jambo la zamani litakukumbusha lile jipya.

Pili, anza na kidogo hata uone haya. Ambaye hajawahi kukimbia aanze na dakika 20, akichanganya kukimbia na kutembea. Kama unatembea kilomita 4 kwenda shule na 4 kurudi, hiyo nayo ni kazi mwilini, ihesabu.

Tatu, kimbia polepole siku nyingi. Kipimo ni mdomo. Kama huwezi kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi, umekwenda kasi. Vijana wengi huharibikia hapa. Kila asubuhi wanageuza mazoezi kuwa mashindano, hakuna anayekubali kubaki nyuma.

Nne, ongeza polepole. Ukishazoea wiki mbili au tatu, ongeza dakika 5 kwa baadhi ya siku, si zote. Kila wiki ya 4 punguza kidogo ili mwili upumue.

Tano, tafuta mwenzako. Mtu akijua kuna anayemngoja kwenye njia panda, ataamka hata siku ya baridi. Lakini mchague mwenye kasi ya kulingana na yako. Kijana wa miaka 15 anayefuata kundi la wanaume wa kambi hatadumu.

Swali tunaloulizwa sana ni, "Itachukua muda gani mpaka mazoezi yawe mazoea?" Watafiti wa London waliwafuata watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na mwaka wa 2010 wakachapisha matokeo. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha. Wengine walichukua siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Pia waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Kwa hiyo kijana asife moyo kama wiki ya 5 bado anajisukuma. Hiyo ni kawaida.

RATIBA YA MFANO

Ratiba hii ni ya mwanafunzi wa miaka 15 au 16 anayetoka nyumbani kwenda shule, ambaye amekwisha zoea kukimbia kwa miezi miwili au mitatu. Wa miaka 13 na 14 siku 3 zinamtosha, na acheze mpira au mchezo mwingine pia.

Jumatatu: dakika 30 polepole.
Jumanne: hakuna kukimbia. Mazoezi ya viungo dakika 20, yaani kunyoosha misuli, kuinua visigino, kuchuchumaa na kuimarisha tumbo na mgongo.
Jumatano: mbio za kubadilisha kasi, ambazo vijana huita fatleki. Dakika 10 polepole, halafu dakika 1 ya kasi na dakika 1 ya polepole, mara 8, na kumalizia dakika 10 polepole.
Alhamisi: kupumzika.
Ijumaa: dakika 30 polepole. Mwishoni mbio fupi 4 za mita kama 80, za kulegea, si za kukaza meno.
Jumamosi: mbio ndefu, dakika 45 hadi 50, polepole.
Jumapili: kupumzika na kukaa na jamaa.

Mtaona siku ya kasi ni moja tu. Vijana watalalamika kwamba ni rahisi. Tunawaambia ifuateni wiki 8 bila kukatika, halafu tuongee.

Kimbieni kwenye murram au nyasi kuliko lami, inapowezekana. Mkiwa barabarani kimbieni upande wa kulia ili muone gari linalokuja mbele yenu, na asubuhi ya giza vaeni nguo nyeupe. Viatu vya mitumba ni sawa, lakini viangalieni kwanza. Weka kiatu mezani: kama kimelala upande mmoja au kisigino kimeisha, kiache, hata kama jina lake ni kubwa.

5. DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Kipchoge ameeleza mara nyingi kwamba tangu mwaka wa 2003 anaandika kila zoezi katika daftari. Kijana wetu naye anaweza. Nunua daftari la kawaida la shule, chora mistari 5: tarehe, dakika nilizokimbia, mwili ulihisi vipi (1 ni vibaya sana, 5 ni vizuri sana), saa nilizolala, kama kuna maumivu, wapi.

Daftari linasaidia kwa njia mbili. Siku ambayo kijana anasema "sijaendelea hata kidogo", anafungua ukurasa wa miezi mitatu nyuma na kuona ukweli. Na akiona 2, 2, 1 zimefuatana, anajua mwili unaomba kupumzika kabla haujamlazimisha.

6. SIKU ZINAZOKATIKA

Hakuna asiyekatika. Kuna kupanda mahindi, kuna mtihani, kuna msiba nyumbani, kuna malaria. Kanuni zetu ni hizi.

Siku moja ikipotea, iache ipotee. Mazoezi si deni la dukani, usijaribu kulipa Jumanne na Jumatano kwa pamoja. Ila jitahidi siku mbili za mazoezi zisifuatane kupotea.

Kama wakati ni mdogo, fanya nusu. Dakika 15 zinalinda mazoea hata kama haziongezi nguvu nyingi.

Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Kukimbia na homa kunaweza kudhuru moyo. Nenda kituo cha afya upimwe, umalize dawa, na ukirudi anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya.

Jifunze kutenganisha uchovu na kuumia. Misuli ikiuma miguu yote miwili na kuisha baada ya siku moja au mbili, huo ni uchovu. Lakini maumivu yakikaa mahali pamoja unapoweza kugusa kwa kidole, hasa juu ya mfupa, au yakikufanya uchechemee, au yakikuamsha usiku, simama. Usipakae dawa ya kuchua na kuendelea. Mwone daktari. Wiki mbili za kupumzika mapema zinaokoa miezi mingi.

7. CHAKULA NA USINGIZI

Hatuhitaji chakula cha kununua supamaketi. Ugali, maharagwe, githeri, mboga za majani, mayai, maziwa, mursik, ndizi na viazi vinatosha kama vinapatikana kila siku na kwa wingi wa kutosha. Kosa tunaloliona ni kijana kukimbia asubuhi, kunywa chai tupu, kwenda shule na kukaa na njaa mpaka jioni. Baada ya kukimbia anahitaji kitu: uji wa wimbi wenye maziwa, au viazi vilivyobaki jana.

Kuhusu chai: chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na madini haya ndiyo yanayojenga damu. Hatusemi muache chai, hakuna atakayetusikia. Kunyweni, lakini ngojeni kama saa moja baada ya kula maharagwe na mboga. Chungwa au limau kidogo pamoja na chakula husaidia madini hayo kuingia.

Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri lazima awe amelala saa tatu usiku. Kama ana masomo mpaka saa nne na nusu, basi asiamke kukimbia, afanye mazoezi jioni. Kuiba usingizi ili kukimbia ni kujenga ukuta mmoja kwa kubomoa mwingine.

8. MSICHANA ANAYEKIMBIA

Katika vikundi vyetu wasichana huanza wengi na kubaki wachache. Tukichunguza, mara nyingi shida haiko miguuni. Mvulana akitoka shule anavaa raba na kwenda. Dada yake anachota maji, anatafuta kuni, anapika, anaosha vyombo, na giza linaingia. Mazoezi yake yanakatwa na ratiba ya nyumba.

Wazazi, hapa ndipo tunahitaji msaada wenu. Hatuombi pesa. Tunaomba saa moja, mara nne kwa wiki. Kaeni pamoja kama familia muandike kazi za nyumbani na siku zake. Mvulana achote maji Jumatatu na Jumatano, hatapungukiwa na kitu. Kwenye kambi ya Kaptagat hata mabingwa wa dunia hufua nguo zao na kuosha vyoo kwa zamu.

Msichana akikosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo, na si mjamzito, asidhani ni dalili ya mazoezi mazuri. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mifupa yake inadhoofika. Apelekwe kwa daktari, apunguze kukimbia na aongeze kula.

Kuna jambo gumu zaidi. Wako wanaume wanaojiita makocha, wanaowaahidi wasichana wadogo viatu na safari za ng'ambo, halafu wanawaharibia maisha. Tulimpoteza Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka wa 2015, aliyeuawa nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba 2021 akiwa na miaka 25. Baada ya kifo chake wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels kupigana na dhuluma dhidi ya wanawake. Mzazi, mjue kocha wa mtoto wako. Jua anatoka wapi, nani mwingine amemfundisha, na mazoezi yanafanyika wapi. Wasichana wakimbie wawili au zaidi, na mwangaza uwepo. Mtoto akidhulumiwa, namba 116 ni ya bure, hupigwa mchana na usiku.

9. SHULE, PESA NA NJIA ZA MKATO

Tumesikia vijana wakisema, "Nikiacha shule nitapata wakati wa mazoezi." Tazameni tena ile ratiba. Kwa wiki nzima haifiki hata saa 3 na nusu za mazoezi. Shule haizuii hizo. Tena mkimbiaji atahitaji kusoma mkataba, kuhesabu pesa na kuongea na watu wa nchi za mbali. Asiyejua kusoma mkataba atasomewa na mwingine.

Kuhusu mbio za barabarani zenye zawadi, tunawasihi vijana wasiharakishe. Katika mashindano ya dunia aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi kukimbia marathoni, na sababu ni mwili wake. Umri huu ni wa mbio za nyika na za uwanjani. Kijana anayekimbia kilomita 21 kila mwezi kutafuta shilingi elfu chache anauza mbegu kabla ya kupanda.

Na akija mtu na sindano au vidonge vya "kuongeza damu", kimbia upande mwingine. Tangu mwaka wa 2016 Kenya ina sheria dhidi ya dawa hizi, na mwanariadha ndiye anayejibu kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata akisema alipewa na rafiki. Dawa hizo zimewafungia wengi kazi waliyoijenga kwa miaka.

Ndugu zetu, si kila kijana atakuwa bingwa. Tuseme ukweli huo bila kuogopa. Lakini kijana aliyejifunza kuamka kwa wakati, kufanya kidogo leo na kurudi kesho, kuandika anachofanya na kupumzika inapofaa, amepata kitu kitakachomsaidia shambani, darasani na kazini. Hicho hakuna mguu mbovu utakaomnyang'anya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vijana wangapi kijijini mwetu walianza kukimbia mwaka huu wakaacha? Waulizeni sababu bila kuwalaumu. Ni sababu gani inarudi mara nyingi?
2. Katika nyumba zetu, nani anafanya kazi gani kuanzia saa kumi jioni? Msichana anawezaje kupata saa moja?
3. Tunamjua kocha anayewafundisha watoto wetu? Tumemwalika lini kuongea na wazazi?
4. Kuna barabara au uwanja gani karibu nasi ulio salama kwa mazoezi? Tunaweza kufanya nini kuutengeneza?
5. Tunawasifu vijana gani: wale wanaokimbia kwa kasi siku moja, au wale wanaorudi kila wiki?

KAZI YA MIEZI MIWILI

Kila kijana anunue daftari, achague wakati wake, na afuate ratiba anayoiweza kwa wiki 8. Mwisho wa kila wiki wakimbiaji wakutane nusu saa, kila mmoja asome daftari lake mbele ya wenzake. Msihesabu nani alikimbia kwa kasi. Hesabuni ni nani aliyerudi.